Jibu Linapotangulia Jaribio

Katika majaribio yote anayopewa mwanafunzi anayeanza kemia, lile la kuchoma utepe wa magnesiamu ndani ya kibakuli cha kauri ndilo linaloanika vizuri zaidi kasoro ya ufundishaji wetu wa maabara. Mwanafunzi hupima kibakuli kikiwa na kifuniko chake, hutia utepe ndani na kupima tena, kisha hupasha moto kwa dakika kadhaa huku akiinua kifuniko kidogo kidogo ili hewa iingie bila moshi mweupe kutoroka. Kikishapoa hukipima kwa mara ya mwisho, na ongezeko la uzito huhesabiwa kuwa ni oksijeni iliyoungana na metali. Kutokana na namba hizo tatu anatakiwa kukokotoa fomula ya oksidi ya magnesiamu, fomula ambayo ameshaiona ubaoni, kitabuni, na pengine hata kwenye karatasi ya maelekezo aliyoishika mkononi: MgO, yaani atomu moja ya magnesiamu kwa moja ya oksijeni.

Tuchukue utepe wenye gramu 0.24. Ukiungua wote, na kila chembe ya unga mweupe ikabaki ndani ya kibakuli, unga huo unapaswa kuwa na gramu 0.40. Mwanafunzi wa kwanza anapata gramu 0.40 barabara, anaandika MgO, anapewa alama zote na kuondoka mapema. Jirani yake anapata gramu 0.36. Oksijeni yake ni gramu 0.12 tu, na akigawanya kwa uzito wa atomu anapata moli (kipimo cha idadi ya atomu) 0.0099 za magnesiamu kwa moli 0.0075 za oksijeni, uwiano unaokaribia 4 kwa 3. Namba zake zinasema Mg₄O₃, kitu ambacho hakuna kitabu kinachokitaja. Anaweza kuandika hivyo na kukubali kukosa alama. Anaweza kuandika MgO na kunyamazia pengo lililopo kati ya hesabu na hitimisho. Anaweza pia kurudi kwenye mstari wa mwisho wa jedwali, akafuta usomaji wa mizani na kuweka ule utakaomfikisha kwenye 1 kwa 1. Aliyewahi kusimamia maabara ya wanaoanza anajua njia ipi ina wafuasi wengi. Wanafunzi wenyewe huita kupika matokeo, na upishi huu huenda kinyumenyume, kwa sababu huanzia kwenye jibu na kushuka hatua kwa hatua hadi kwenye mizani.

Ni rahisi kulaumu maadili ya vijana. Hoja yangu ni kwamba upishi huo unazaliwa na mwongozo wa kusahihishia. Alama zinapotolewa kwa jibu linalofanana na la kitabu, mwanafunzi ameshaelezwa ni kitu gani kinathaminiwa katika chumba hicho, naye anatusikia vizuri kuliko tunavyodhani. Kinachopaswa kupewa alama katika jaribio la mwanzo ni uhusiano kati ya kile kilichopimwa na kile kinachodaiwa: je, hitimisho hili linabebwa na namba hizi, kwa kiasi gani, na ni kipimo gani kingine kingeweza kuliangusha?

Hebu tuitazame gramu 0.36 kwa karibu, maana ndani yake mna kemia nyingi kuliko iliyomo kwenye gramu 0.40. Jambo la kwanza la kujiuliza ni kama pengo hilo linaweza kuwa la mizani yenyewe. Mizani nyingi za maabara za wanaoanza husoma hadi sehemu ya mia ya gramu. Tukikubali kwamba kila usomaji unaweza kukosea kwa gramu 0.01, basi tofauti ya masomo mawili inaweza kukosea kwa gramu 0.02, na oksijeni ya mwanafunzi huyu iko mahali fulani kati ya gramu 0.10 na 0.14. Hata tukiuacha uzito wa magnesiamu wenyewe bila kuutilia shaka, uwiano wake unaangukia kati ya 1.58 na 1.13 kwa 1. Haufiki 1 kwa 1. Kwa hiyo mizani peke yake haiwezi kubeba lawama, na kuna jambo limetokea ndani ya kibakuli.

Mambo yanayoweza kutokea yanajulikana, na uzuri wake ni kwamba yanaweza kutenganishwa mezani hapo hapo. Huenda magnesiamu haikuungua yote; basi ipashwe moto tena, ipozwe na kupimwa, na zoezi lirudiwe hadi uzito usiongezeke tena. Huenda sehemu yake iliungana na nitrojeni ya hewa badala ya oksijeni, ikatoa nitridi ya magnesiamu, ambayo kwa kiasi kile kile cha metali ina uzito mdogo kuliko oksidi. Basi kibakuli kikishapoa yatiwe matone machache ya maji, kipashwe moto taratibu, na karatasi nyekundu ya litmasi iliyoloweshwa ishikwe juu yake. Ikigeuka bluu, ni amonia inayotoka, na amonia haiwezi kutoka kwenye oksidi. Maji hayo yakishakauka na kibakuli kikapashwa moto mkali, kilichobaki hugeuka kuwa oksidi na uzito husogea kuelekea panapotarajiwa. Ikiwa hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichoonekana, dhana inayobaki ni moshi uliotoroka kifuniko kilipoinuliwa mno, na hasara hiyo haiwezi kurudishwa. Inaweza tu kuthibitishwa kwa kurudia jaribio kwa mkono mtulivu zaidi. Mwanafunzi aliyepata 0.36 ana kazi ya mwanakemia mbele yake, na ndiye tunayempa alama chache.

Yule wa 0.40 naye hajasalimika. Kwa mizani ile ile, oksijeni yake ya gramu 0.16 inaweza kuwa 0.14 au 0.18, na uwiano wake unaweza kuwa popote kati ya 1.13 na 0.88 kwa 1. Anachoweza kudai kwa haki ni kwamba namba zake hazipingani na MgO. Akitaka kudai zaidi ya hapo itambidi atumie utepe mrefu zaidi, ili shaka ya gramu 0.02 iwe sehemu ndogo ya kitu kikubwa, au apewe mizani inayosoma hadi sehemu ya elfu. Katika ripoti nyingi hoja hii haimo kabisa. Badala yake, chini ya kichwa cha vyanzo vya makosa, huandikwa maneno yanayopita kutoka mwaka mmoja hadi mwingine kama urithi wa ukoo: “makosa ya kibinadamu”. Maneno hayo hayasemi kitu. Hayaonyeshi kosa lilikuwa la ukubwa gani, lilisukuma jibu juu au chini, wala namna ya kuligundua. Moshi uliotoroka hupunguza uzito. Kibakuli kilichopimwa kabla hakijapoa huleta hitilafu pia, kwa sababu hewa yenye joto inayopanda pembezoni mwake hukinyanyua kidogo na kuifanya mizani isome pungufu. Kila chanzo kina mwelekeo wake, na ripoti isiyotaja mwelekeo ingeweza kuandikwa na mtu ambaye hakuingia maabara.

Kuna majaribio ambayo jibu linalojulikana lina haki ya kuwepo, na ingekuwa kukosa uadilifu kuyapita kimya. Upimaji wa asidi kwa besi kwa kutumia bureti na pipeti, mirija ya kioo ya kupimia ujazo wa kimiminika, ni mfano ulio wazi. Hapa tunaujaribu mkono na jicho: kusoma chini ya mpindo wa uso wa kimiminika, kuacha tone la mwisho la pipeti mahali pake bila kulipuliza, kupunguza kasi kadiri rangi inavyochelewa kutoweka. Mwanafunzi anayekosea kwa sentimita moja ya ujazo hajui bado kazi hiyo, na hakuna falsafa ya elimu itakayombadilishia ukweli huo. Kumpima dhidi ya namba ya msimamizi ni halali, mradi aambiwe kwamba linalopimwa ni ustadi wake, na mradi msimamizi naye akumbuke kwamba namba yake ni kipimo kama vipimo vingine. Sodiamu haidroksidi hunyonya unyevu na kabonidioksidi kutoka hewani, kwa hiyo chupa iliyofunguliwa na kufungwa kwa siku kadhaa haina tena ukolezi ulioandikwa kwenye lebo yake. Ndiyo maana mmumunyo wenye ukolezi wa kuaminika huandaliwa kwa kitu kinachotulia, kama kabonati ya sodiamu iliyokaushwa, na haidroksidi hupimwa kwa mnyororo unaoanzia hapo.

Hata katika zoezi hili la ustadi, kitabu humsonga mwanafunzi. Besi inapotoka kwenye bureti kuingia kwenye asidi, fenolfthaleini, kiashiria kinachobadili rangi asidi inapoisha, hugeuka waridi hafifu na kubaki hivyo kwa takriban nusu dakika, kisha rangi hufifia taratibu kwa sababu kabonidioksidi ya hewani inaingia kwenye chupa na kushusha pH, yaani kuufanya mmumunyo uelekee tena upande wa asidi. Aliyeambiwa kwamba rangi “hudumu” huiona ikififia, huongeza matone mawili, huiona ikififia tena, na mwisho ana chupa yenye rangi ya kukolea na usomaji uliopitiliza. Aliyeambiwa kwa nini inafifia huacha kuongeza. Nako kwenye jedwali, bureti iliyogawanywa kwa sehemu ya kumi ya sentimita ya ujazo inaweza kusomwa hadi nusu ya mgawo, yaani 0.05. Masomo matatu yanayofanana hadi tarakimu ya mwisho yanawezekana, lakini darasa zima likiwa na masomo matatu yanayofanana, msimamizi anapaswa kuwa na shaka zaidi kuliko furaha.

Biolojia inabadilisha swali lenyewe, na hapa ndipo mitaala mingi hukosea kwa kuitendea kama kemia yenye majani. Vipimo viwili vya bureti vinapotofautiana, tunatafuta kasoro kwenye mkono. Vipande viwili vya kiazi vinapotofautiana, huenda tunatazama kiazi chenyewe. Katika jaribio la osmosisi, yaani maji kupita kwenye utando wa seli kuelekea palipo na sukari au chumvi nyingi zaidi, vipande vya kiazi vyenye ukubwa sawa huwekwa kwenye mimumunyo ya sukrosi yenye ukolezi tofauti, kuanzia maji matupu hadi moli 1 kwa lita, kisha hupimwa mabadiliko ya uzito kwa asilimia. Penye maji matupu kipande hunenepa na kukakamaa; penye sukrosi nyingi husinyaa na kulegea. Mchoro unapokata mstari wa sifuri ndipo ukolezi wa nje unapolingana na wa ndani ya seli, na hilo ndilo jibu linalotafutwa.

Lakini karibu na mstari huo mabadiliko ni ya asilimia chache tu, na hapo ndipo kitambaa cha kukaushia kinapokuwa na nguvu kuliko osmosisi. Kipande cha gramu 2.50 kilichobaki na utando wa maji wa gramu 0.05 kinadanganya kwa asilimia 2. Mwanafunzi anayekausha vipande vya mwanzo kwa haraka na vya mwisho kwa uangalifu ameuhamisha mkato wa mchoro wake bila seli hata moja kuhusika. Kwa upande mwingine, vipande vilivyokatwa kutoka viazi viwili tofauti vinaweza kutofautiana kihalali, kwa sababu seli za kiazi kilichokaa muda mrefu ghalani hazina lazima ya kuwa na sukari sawa na za kiazi kilichochimbwa karibuni. Mtawanyiko wa kitambaa unataka kupunguzwa; mtawanyiko wa viazi unataka kuelezwa. Mwanafunzi anayeviita vyote viwili kosa, akafuta kipande kimoja “kilichoharibu” mchoro, amefuta pengine kipande pekee kilichokuwa na jambo la kusema.

Hesabu ndogo ya urithi inaonyesha jinsi darasa linavyoweza kujisaliti. Wanafunzi hupewa mabunzi ya mahindi yenye punje za rangi mbili, ambamo rangi moja inatarajiwa kuwa mara tatu ya nyingine, na kila kikundi huhesabu punje 100. Wastani unaotarajiwa ni 75 kwa 25. Kwa bahati tupu, hata kila kitu kikiwa sawa, kikundi kinaweza kabisa kupata 68 au 81, kwa kuwa mtawanyiko wa kawaida wa hesabu kama hiyo ni kama punje 4 kila upande, na mara mbili yake bado si ajabu. Vikundi vinavyotarajiwa kuangukia kati ya 74 na 76 ni kama robo tu. Darasa ambalo vikundi vyote vimetoa 74, 75 na 76 halijahesabu mahindi. Limehesabu matarajio ya mwalimu. Na wasimamizi wengi hulipongeza darasa hilo kwa umakini.

Wanafunzi hao wako katika kundi lenye heshima. Gregor Mendel, mtawa aliyeweka misingi ya elimu ya urithi, aliripoti mbegu laini 5474 na zenye mikunjo 1850 katika njegere zake, uwiano wa 2.96 kwa 1, na mwaka 1936 mwanatakwimu Ronald Fisher alionyesha kwamba matokeo ya Mendel, yakichukuliwa kwa jumla, yanayakaribia matarajio kupita kiasi. Fisher alidhani huenda msaidizi fulani aliyejua kinachotakiwa ndiye aliyeyanyoosha. Mabishano juu ya jambo hilo yaliendelea kwa miongo mingi, na Mendel hakuwa na kosa katika kanuni zake. Lakini kwa mwanafunzi kisa hicho kina thamani kuliko picha ya mtawa na bustani yake, kwa sababu kinaonyesha kwamba namba nzuri mno nazo ni ushahidi, na zinaweza kuhojiwa.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa kromosomu za binadamu, nyuzi zinazobeba urithi ndani ya seli. Mwaka 1923 Theophilus Painter alitangaza kwamba seli ya binadamu ina kromosomu 48, na kwa zaidi ya miaka 30 wataalamu walioitazama seli hiyo hiyo kwa hadubini nzuri waliendelea kuona 48. Kromosomu zilikuwa zimesongamana na kupandana, na jicho linalojua idadi hujua pia pa kuikatia rundo. Tao-Chiuh Hsu aligundua kwamba mmumunyo wenye chumvi pungufu kuliko seli huifanya seli ivimbe na kromosomu zake zitawanyike. Aligundua hivyo kwa sababu ya mmumunyo ulioandaliwa kimakosa. Hata hivyo, idadi aliyoichapisha mwaka 1952 ilikuwa bado ni 48. Iliwapasa Joe Hin Tjio na Albert Levan, mwaka 1956, kuandika 46 kwa sababu ndizo walizoziona. Kilichozitawanya kromosomu hizo ni osmosisi, ile ile inayokinenepesha kiazi kwenye maji matupu, na nashangaa kwamba mambo haya mawili hufundishwa mihula tofauti bila kukutanishwa.

Kosa hilo hilo hurudiwa kwa penseli kila mwaka katika somo la hadubini. Ngozi nyembamba ya ndani ya kitunguu huwekwa kwenye kioo, hutiwa tone la ayodini, hufunikwa, na mwanafunzi huombwa achore anachokiona. Anachokiona ni safu za vyumba virefu, kila kimoja chenye urefu wa robo ya milimita au zaidi, kuta zilizo wazi, na kiini chenye rangi ya manjano au kahawia ambacho katika seli kadhaa hakionekani kabisa, pengine na kiputo cha hewa chenye ukingo mweusi mzito. Anachokichora ni seli ya kitabuni: kiini katikati, vakuoli yenye mipaka safi, mitokondria kama maharage, na mara nyingi kloroplasti za kijani. Kitunguu kinachokaa chini ya udongo hakina kloroplasti katika ngozi hiyo, na mitokondria hazionekani kwa hadubini ya kawaida ya shule katika maandalizi hayo. Msahihishaji akitoa alama kwa sehemu zilizotajwa, mchoro wa uongo hupata nyingi kuliko wa kweli. Dawa yake ni nyepesi: mchoro usahihishwe msahihishaji akiwa na kioo chenyewe mbele yake, angalau kwa wanafunzi wachache waliochaguliwa bila taarifa, na aliyechora kiputo cha hewa na kukitaja kwa jina lake apewe alama.

Wapo watakaosema kwamba lengo la maabara ni kuimarisha nadharia iliyofundishwa darasani, na kwamba jibu lililojulikana ndilo linaloimarisha. Ushahidi hauwaungi mkono sana. Ian Abrahams na Robin Millar, katika utafiti waliouchapisha mwaka 2008, walifuatilia vipindi 25 vya sayansi vyenye kazi za vitendo katika shule za sekondari za Uingereza, wakakuta kwamba kazi hizo zilifanikiwa kuwafanya wanafunzi watende walichoagizwa kwa vifaa, lakini hazikufanikiwa kwa kiwango hicho kuwafanya watumie mawazo ya kisayansi kuelewa walichokitenda. Kwa upande wa fizikia ya mwaka wa kwanza chuoni, Natasha Holmes na Carl Wieman, ambaye alishiriki Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2001, walilinganisha wanafunzi waliochukua maabara na wasioichukua ndani ya kozi zile zile, na hawakuona faida ya kupimika kwenye maswali ya mtihani yaliyohusu mada ambazo maabara ilikusudiwa kuziimarisha. Fizikia si kemia, lakini muundo wa maabara hizo ni ule ule. Ikiwa lengo ni kuelewa fomula ya oksidi, saa mbili za mazoezi ya hesabu huenda zikafaa zaidi. Maabara inabaki na sababu ya kuwepo pale tu inapofundisha kile ambacho ubao hauwezi: namna madai yanavyofungamana na vipimo.

Jaribio la wanga kwenye jani linaonyesha ufungamano huo ukikatika bila mtu kushtuka. Jani huchemshwa kwenye maji, hutolewa rangi yake ya kijani kwa kuzamishwa kwenye ethanoli iliyowekwa ndani ya maji ya moto mbali na mwali, huoshwa, kisha hutiwa ayodini. Linageuka bluu-nyeusi, na ripoti inahitimisha kwamba usanisinuru unahitaji mwanga. Hakuna chochote katika jaribio hilo kilichoujaribu mwanga. Kilichoonyeshwa ni kwamba jani hili lilikuwa na wanga leo. Ili mwanga uingie kwenye hitimisho, mmea ulipaswa kukaa gizani siku moja au mbili mpaka wanga wake uishe, hilo lithibitishwe kwa jani moja, sehemu ya jani lingine ifunikwe kwa karatasi isiyopitisha mwanga, kisha mmea urudishwe kwenye mwanga. Maelekezo mengi yanazo hatua hizi au baadhi yake, lakini mwanafunzi huzifuata kama taratibu za ibada, na ikiwa muda umebana huruka ile ya giza kwa sababu jibu la mwisho litapatikana tu. Mpe swali moja: jani la ulinganisho lingekuwa na rangi gani kama dhana yako ingekuwa si kweli? Asiyeweza kulijibu hajafanya jaribio, hata kama jani lake ni jeusi tii.

Sitetei upande wa pili uliokithiri, wa kumwacha anayeanza agundue mwenyewe sheria za kemia kwa kuchezea chupa. Alex Johnstone wa Glasgow, mtaalamu wa elimu ya kemia, aliandika kwa miaka mingi kuhusu mzigo unaoilemea akili ya mwanafunzi maabarani: majina ya vifaa asivyovizoea, maelekezo ya mdomo na ya maandishi, ustadi wa mkono, nadharia, na hesabu, vyote kwa wakati mmoja. Chini ya mzigo huo mtu hufuata maelekezo mstari kwa mstari na kuacha kufikiri, na ukimwondolea maelekezo bila kumpunguzia mzigo utampotezea hata hilo. Ustadi unapaswa kufundishwa kwanza, peke yake, na kwa kurudiwa. Baada ya hapo ndipo swali lifunguliwe, tena kidogo tu: mmumunyo ambao ukolezi wake unatofautiana kutoka kikundi hadi kikundi na unajulikana na mtaalamu wa maabara peke yake, au haidrojeni peroksaidi inayotolewa oksijeni na katalesi, kimeng’enya cha kiazi, ambapo kikundi kinachagua chenyewe kubadili joto au ukolezi na kutabiri kwa maandishi, kabla ya kuanza, ni mchoro upi utakaokipinga. Kinachobadilika hapo ni kidogo, lakini hakuna wa kunakili kwake.

Gharama ya mabadiliko haya ni idadi ya majaribio. Muhula wenye majaribio 12 hauwezi kubaki na 12 ikiwa kila moja litarudiwa, na ningechagua 6 yanayorudiwa mara mbili bila kusita. Jaribio la mara ya kwanza humpa mwanafunzi namba. La pili, baada ya wiki na baada ya kujadili namba za darasa zima zikiwa zimeandikwa ubaoni pamoja, humpa nafasi ya kuboresha njia. Ubao wenye masomo ya vikundi vyote hufanya kazi ambayo hotuba haiwezi: unaonyesha mtawanyiko, na aliyekuwa akidhani yeye peke yake ndiye “aliyekosea” huona alipo ndani ya umati.

Katika kusahihisha, namba ghafi ziandikwe kwa wino, kosa likatwe kwa mstari mmoja huku likiweza bado kusomeka chini yake, na msimamizi atie sahihi kabla mwanafunzi hajaondoka mezani. Hatua hiyo haichukui muda na inafunga mlango mkubwa wa upishi. Kisha katika alama 20, ningeweka 4 kwa ustadi ulioonekana, 4 kwa kumbukumbu za kazi, 4 kwa makadirio ya shaka, na 8 kwa hitimisho linalolingana na namba zilizotiwa sahihi, ziwe nzuri au mbaya. Kufanana na kitabu kusipewe hata moja, isipokuwa katika zoezi lililotangazwa kuwa la ustadi.

Kizuizi kikubwa kitabaki kuwa mtihani wa mwisho, kwa sababu mwalimu hufundisha kinachotahiniwa na hana budi. Ni vigumu kwa watahini kuchunguza mikono ya maelfu ya watahiniwa kwa siku moja, na kwa hiyo wamezoea kulinganisha namba na namba. Lakini wanaweza kuweka swali moja la karatasi: jedwali la vipimo halisi vya darasa fulani, kimoja kikiwa mbali na vingine, mizani ya tarakimu mbili, na hitimisho lililoandikwa na mtu aliyejiamini kupita kiasi, kisha mtahiniwa aombwe aeleze ni sehemu gani ya hitimisho inasimama na ni kipimo gani angekifanya kabla ya kukifuta kile kilicho mbali. Swali la namna hiyo halihitaji tone la asidi wala mwali wa moto, na linaweza kuingizwa kwenye mtihani wa mwaka ujao bila kununua kifaa chochote.